Kano ya msukuma mkokoteni: kwa nini mapumziko peke yake hayamponyi

Swali: Asalaam aleikum daktari. Baba yangu ana miaka 52, anasukuma mkokoteni kutoka soko la Kongowea kwenda kisiwani Mombasa. Tangu mwaka jana anaumwa ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, na pamefanya kinundu. Asubuhi huamka akichechemea, akitembea kidogo panalegea, jioni panauma tena. Alipumzika miezi miwili akapata nafuu. Aliporudi kazini haikupita wiki, maumivu yakawa yale yale. Mkandaji humvuta mguu kila Ijumaa. Jirani mmoja anasema apigwe sindano, mwingine anasema anywe supu ya makongoro. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: bati lilimkata mkono mwaka juzi na kidonda kikafunga baada ya wiki chache tu. Huu mshipa mbona haufungi? Na mdogo wangu wa miaka 14 humsaidia kusukuma Jumamosi, naye hatapata haya? — Msomaji, Kisauni

Waalaikum salaam, binti yangu, na umpe mzee pole nyingi. Nitaanza na hilo la kidonda, maana ukishalielewa, ya sindano na mkandaji na supu utaweza kuyapima mwenyewe.

Bati lilipomkata mkono lilikata ngozi iliyojaa mishipa ya damu. Damu ikamwagika, ikaganda, seli za ulinzi zikaja kusafisha, seli za kujenga zikafuata, kovu likaziba pengo. Kinachomuuma sasa ni kano ya Achilles, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na kano haina utajiri huo wa damu. Sehemu ya sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino ndiyo inayofikiwa na damu kidogo zaidi, na ulivyoeleza, ndipo hasa kilipo kinundu cha baba yako. Msuli hutumia oksijeni mara 7 na zaidi kuliko kano. Kwa kazi ya kano hiyo ni faida, kwa sababu inaweza kubaki imevutwa saa nyingi bila kuishiwa. Lakini hasara yake ni kwamba matengenezo huenda polepole sana.

Kuna jambo kubwa kuliko la damu. Kano ya baba yako haikukatwa. Hakuna pengo lililo wazi linalosubiri kufungwa, kwa hiyo kungoja lifunge ni kungoja kitu ambacho hakitatokea. Kilichoharibika ni mpangilio wa ndani, na wanaoutunza mpangilio huo ni seli zinazofuata amri moja tu, amri ya mzigo.

Ukitaka kuiona kano kwa macho, kabla hamjachemsha makongoro mwombe mwenye bucha akuachie mguu wa ng'ombe mbichi. Utaona ukanda mweupe unaong'aa. Uvute kwa nguvu zako zote, hautarefuka kwa kiasi utakachoona. Ukwangue kwa ncha ya kisu kufuata urefu, utaachana nyuzi nyuzi bila ubishi. Jaribu kuukata kwa upana, kisu kitateleza. Ugumu huo unatokana na kolajeni, protini inayoushikilia mwili. Karibu theluthi mbili za kano ni maji, na katika kile kinachobaki ikikaushwa, asilimia 60 hadi 85 ni kolajeni. Molekuli moja ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotana, kila mmoja una asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) zipatazo 1,000, na kila ya tatu ni ile iitwayo glisini, kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayoenea katikati ya msokoto. Urefu wake ni nanomita 300, unene nanomita 1.5. Molekuli hizi hujipanga bega kwa bega kuwa fibrili, fibrili hukusanyika kuwa nyuzi, nyuzi kuwa vifurushi, na kila kifurushi kina utando laini unaokiacha kiteleze kando ya mwenzake.

Katikati ya nyuzi hizo ndimo wanamoishi wenye nyumba. Watu wengi huidhania kano kuwa kamba tu, isiyo na uhai, kumbe imejaa seli ziitwazo tenosaiti. Ni nyembamba na ndefu, zimejipanga safu safu kufuata mvutano, na kila moja imetoa mikono myembamba inayozizunguka nyuzi na kuwagusa majirani. Mahali zinapogusana pana vijitundu vinavyopitisha ishara kutoka seli hadi seli, kwa hiyo safu nzima hupata habari moja kwa karibu wakati mmoja. Ni chache. Katika mtu mzima unaweza kuangalia sehemu kubwa ya kano kwenye hadubini ukaona kolajeni tupu, na kiini cha seli kimoja hapa, kingine kule. Hao wachache ndio wanaotengeneza kolajeni, na ndio hao hao wanaotoa vimeng'enya vya kuikata. Kujenga na kubomoa viko mkononi mwa fundi mmoja.

Kolajeni yenyewe haiwezi kusokotwa sawasawa bila vitamini C. Hapa Mombasa tunao ushahidi wa zamani wa jambo hilo. Vasco da Gama alifika kwetu Aprili 1498 na mabaharia waliokuwa wameugua kiseyeye safarini, fizi zimevimba, mikono na miguu imevimba, ugonjwa ambao kiini chake ni mwili kushindwa kutengeneza kolajeni nzuri. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Shajara ya safari hiyo inasema wagonjwa wote walipona hapa, na aliyeiandika akaipa sifa hewa nzuri ya mji. Mimi sifa hiyo ninayapa machungwa. Kwa baba yako inatosha apate tunda kila siku, pera au chungwa au embe likiwa msimu, wala hahitaji vidonge.

Sasa lile lililowashangaza hata wataalamu. Kati ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio, na kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, katika hewa ya dunia nzima ikapanda karibu maradufu, kisha ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta, wanyama wakala mimea, watu wakala vyote. Kwa hiyo tishu yoyote ya mwili inabeba alama ya wakati ilipojengwa. Mwaka 2013 Katja Heinemeier na wenzake wa Copenhagen walipima viini, yaani sehemu ya katikati kabisa, vya kano za Achilles za watu waliozaliwa kati ya 1945 na 1983. Walikuta kaboni ya utotoni na ujanani mwao. Kiini cha kano kilikuwa kimejengwa mtu alipofika umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo hakikujengwa upya kwa kiasi cha kupimika. Misuli ya watu hao hao ilikuwa imejibadilisha. Kwa hiyo kiini cha kano anayosukumia mkokoteni leo, baba yako alikijenga akiwa kijana.

Usikate tamaa hapo. Mwaka 2020 kundi la Karl Kadler huko Manchester lilionyesha katika panya kwamba kando ya fibrili nene za kudumu zipo fibrili nyembamba ambazo seli huzitengeneza na kuziondoa kila siku, kwa mzunguko wa saa 24. Ndizo zinazopokea misukosuko ya kila siku, zile nene zikabaki salama. Ninavyouelewa ugonjwa wa baba yako, utaratibu huu wa kila siku ndio ulioharibika. Maabara ile ya Copenhagen ilipopima kano zilizougua, mwaka 2018, iliona kolajeni yake ilikuwa ikibadilishwa kupita kawaida kwa miaka mingi kabla maumivu hayajaanza. Tatizo la mzee halikuanza mwaka jana. Mwaka jana ndipo lilipoanza kuuma.

Na kinundu je? Seli zikipokea mzigo unaozidi uwezo wake siku baada ya siku, hubadilika. Zinaacha wembamba wao zinakuwa za mviringo, zinaongezeka, zinatoa kolajeni ya aina ya tatu, nyembamba na dhaifu, badala ya ile ya kwanza. Zinatoa pia protini kubwa zenye sukari zinazovuta maji. Maji hayo yanaijaza kano na kuitanua, na nyuzi zinapoteza mstari wake. Kisha vijishipa vya damu na vya fahamu huota mahali ambapo zamani havikuwapo. Ndiyo maana ukikibinya kinundu kinauma. Usaha haumo, na damu chafu haimo. Yeyote anayetaka kukikamua au kukichanja mzuieni.

Nirudi kwenye mzigo. Tenosaiti inahisi nyuzi zinapovutwa, inahisi hata maji yanavyosukumwa kando yake, na kutokana na hayo inaamua kujenga au kubomoa. Watafiti walichukua kano za mkia wa panya wakaziweka kwenye chombo bila kuzivuta hata kidogo. Katika muda wa siku moja seli zilianza kuandaa kimeng'enya kinachokata kolajeni. Kano zilizovutwa kwa kiasi, kwa kurudia rudia, hazikufanya hivyo. Seli isiyohisi mzigo huanza kuibomoa nyumba yenyewe.

Hiyo miezi miwili ya mapumziko, basi, ilituliza mishipa ya fahamu, ndiyo sababu mzee alipata nafuu. Lakini kano ilitoka humo dhaifu kuliko ilivyoingia, na shavu la mguu likasinyaa. Siku aliyorudi akapandisha magunia kwenye mwinuko wa daraja la Nyali, mwili umelala mbele, mikono imenyooka, kisigino kimeinuka na vidole vimeng'ang'ania lami. Kano iliyozoea kitanda ikapewa mzigo wote kwa mara moja. Wiki moja kwa kweli ilikuwa nyingi.

Dawa, kwa hiyo, ni mzigo wenye kipimo na nafasi. Nafasi nazo zina hesabu yake. Baada ya kazi nzito, kuvunjwa kwa kolajeni kunazidi kujengwa kwa saa 24 hadi 36. Kisha ujenzi unashika usukani hadi kufikia saa 72 hivi. Anayerudia kazi nzito kila siku anarudi kila mara wakati wa kubomoa.

Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Sweden alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu kama ya baba yako: kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, mara 15 kwa awamu tatu, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Tafiti zilizofuata hazikupata ushindi mkubwa kiasi hicho, lakini msingi wake umesimama. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark wakaonyesha kwamba mazoezi mazito ya polepole, mara tatu tu kwa wiki, yanafikia matokeo yale yale. Kwa mtu anayechoka kama baba yako mimi ninachagua hayo ya pili bila kusita.

Afanye hivi. Asimame kwenye ngazi ya kwanza ya nyumba, vidole na nyayo za mbele juu ya ngazi, ashike ukuta. Ainue visigino kwa miguu yote miwili akihesabu polepole hadi tatu, avishushe akihesabu tatu. Awamu nne za mara 15 kwa kuanzia. Ikiwa nyepesi, avae begi mgongoni lenye mchanga, azidishe mchanga na apunguze idadi kidogo kidogo, hadi kufikia mara 6 kwa uzito anaouweza kwa shida. Baadaye ashukie mguu mmoja. Siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku apishe moja. Wiki 12 ndicho kipindi cha chini cha kusema imefaa au haikufaa, na wengi huhitaji zaidi.

Najua hawezi kuacha kazi, na sitamwambia aache. Karin Silbernagel na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2007: wagonjwa walioruhusiwa kuendelea na shughuli zao huku wakifanya mazoezi, kwa sharti la kuyapima maumivu, hawakupata matokeo mabaya kuliko waliopumzishwa. Sharti lenyewe ni rahisi. Kwenye mizani ya 0 hadi 10 maumivu yasipite 5, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi chini, yasiwe yanapanda wiki hadi wiki. Hatua za kwanza kutoka kitandani ndizo kipimo chake cha kila siku. Akikuta zimekuwa mbaya kuliko jana, siku hiyo abebe mizigo miepesi, au apatane na mwenzake wavute wawili kwenye mwinuko na kugawana ujira. Ninajua ujira ukigawanywa unauma nao. Hata hivyo siku nzito moja kisha nyepesi moja, kwa miezi mitatu, ni hasara ndogo kuliko kukatika kwa kano. Akala zake aziwekee kipande cha mpira chini ya kisigino, unene wa kidole kimoja, viatu vyote viwili.

Mkandaji apake mafuta ya nazi akande shavu la mguu akipenda, hapana ubaya, na misuli hulegea. Asiuvute wayo kwenda juu kwa nguvu, wala asikisugue kinundu. Kano ikivutwa hivyo hubanwa dhidi ya mfupa wa kisigino, na seli zinazobanwa huanza kujifanya za gegedu (ule mfupa laini wa kwenye viungo), zikatoa zile zile protini za kuvuta maji. Ikiwa maumivu yenyewe yako chini kabisa, kwenye mfupa wa kisigino, hata kwenye ngazi asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi.

Sindano wanayoisema majirani kwa kawaida ni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu. Itamtuliza kwa wiki chache, hilo ni kweli, na ndiyo maana ina sifa mtaani. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba nafuu hiyo ya mwanzo huisha, na kwa maumivu ya kano za kiwiko waliochomwa waliishia wakiwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Steroidi huzizuia tenosaiti kutengeneza kolajeni. Kumtuliza mtu maumivu kisha kumrudisha chini ya mkokoteni akiwa na kano iliyodhoofishwa, mimi sikubali. Kuna na dawa nyingine ambayo hakuna aliyekutajia: siprofloksasini, antibiotiki inayonunuliwa madukani kwa tumbo au mkojo. Ni ya jamii ya dawa ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo zito mwaka 2008 kwa sababu ya kukatika kwa kano, hasa ya Achilles, hasa kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Baba yako akiumwa lolote, amwambie anayempa dawa kwamba ana kano mbovu.

Supu ya makongoro anywe, na akamulie ndimu. Kolajeni iliyochemka hugeuka jelatini, na tumbo huikata vipande vidogo. Haiendi moja kwa moja kukaa kwenye kisigino. Utafiti mmoja mdogo wa mwaka 2017 uliwapa wanaume 8 jelatini gramu 15 pamoja na vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba, na dalili za ujenzi wa kolajeni zikaongezeka katika damu yao. Bila kuruka, supu ni chakula tu. Anywe kabla ya mazoezi ya ngazi, akipenda.

Apime sukari hata kama anajiona mzima, kwa sababu sukari ikikaa juu hushikamana na kolajeni na kuifanya kavu, ngumu. Na siku akisikia mlio nyuma ya mguu akadhani amepigwa jiwe, mlaze kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, ulibinye shavu la mguu. Wayo usiposogea, kano imekatika, na ni hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba ghafla, likapata joto na kuuma bila kazi, hilo nalo ni la hospitali, laweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Kuhusu mdogo wako. Yuko katika miaka ambayo kiini cha kano yake kinajengwa, kile atakachoishi nacho hadi uzeeni, na kano changa inanufaika kwa kukimbia, kuruka na kubeba kwa kiasi. Kusukuma kidogo Jumamosi hakumdhuru. Ninachohofia kwake ni mfupa zaidi ya kano: katika umri wake kisigino bado kina sehemu laini ya ukuaji, na kano ikivuta mno, sehemu hiyo ndiyo inayoumia kwanza. Kwa hiyo mkokoteni ukiwa umejaa, mwinuko wa daraja asiusukume yeye. Aushike mkokoteni ukiwa mtupu wakati wa kurudi Kongowea, na akianza kulalamika kisigino, asimamishwe wiki mbili tatu hadi aweze kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu.